"Kansa haiponi": maneno ya vikao vya Bukavu na ukweli wake

Jina la ugonjwa likishatajwa, iwe Kadutu au Bagira, mitaa ya mji wetu wa Bukavu mashariki mwa Kongo, familia inaketi kikao jioni ileile. Baba mdogo anaanza, mama mkubwa anamalizia, na mgonjwa mwenyewe anaulizwa mwisho. Kikao hicho kinaamua mengi kuliko munganga (daktari), maana ndicho kinachoshika pesa. Na maneno ya humo karibu yote yanaelekea pamoja: kansa haiponi, basi franka zisipotee bure.

Kansa si ugonjwa mmoja. Ziko zinazopona kabisa, ziko zinazotulizwa kwa miaka, na ziko zinazoua haraka hata kule Ulaya. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya kila 100 wenye kansa wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwili wa mtoto ni uleule. Wengi hupotelea njiani, kati ya donge na sindano ya kuchukua kipande, kati ya sindano na jibu, kati ya dozi ya kwanza na ya pili. Maneno yafuatayo ndiyo yanayowapoteza.

"Donge lisilouma si kitu"

Ni kinyume. Kinachouma upesi mara nyingi ni usaha au maziwa yaliyoganda. Donge la kansa ya titi kwa kawaida haliumi mwanzoni: ni gumu, kingo zake si laini, na halitelezi chini ya kidole. Pima siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, titi likiwa limelegea, kwa nyama ya ncha za vidole vitatu, ukipanda hadi kwapani. Ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuzama ghafla au kutoa damu: usingoje mwezi ujao. Na kwa mama anayenyonyesha, titi jekundu lililopewa antibiotiki siku 10 bila kupungua halihitaji antibiotiki nyingine. Linahitaji eko (picha ya mawimbi ya sauti) na sindano ya kuchukua kipande.

"Huyu amelishwa karuho"

Mtu anakonda, tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano, chakula hakikai. Mtaa mzima unasema ni karuho, sumu ya polepole, na tayari jirani fulani anatazamwa vibaya. Picha hiyo ndiyo picha ya kansa ya ini. Ukiondoa umanjano na kuongeza choo cheusi kama lami, inafanana na ya tumbo. Kansa ya ini kwa kiasi kikubwa hutokana na kirusi cha hepatiti B, pamoja na aflatokisini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na unga uliowekwa na unyevu. Kwa hiyo sumu inaweza kuwepo kweli, ila iko ndani ya gunia, haiko mkononi mwa jirani.

Madhara ya kuamini karuho ni dawa ya kutapisha. Mgonjwa aliyekwisha kukauka anapoteza maji zaidi, na wiki zinapita. Kipimo cha hepatiti B kinahitaji tone la damu na robo saa. Mwenye kirusi ambacho munganga ameona kinashambulia ini hupewa tenofoviri, kidonge 1 kila siku, na hatari ya kansa inapungua. Kwa tumbo, anayekonda huku akinunua omeprazoli mwezi baada ya mwezi aombe kamera ya tumbo. Omeprazoli hutuliza uchungu wa kidonda na wa kansa vilevile, na hapo ndipo inapodanganya.

"Ikiguswa na kisu, inaamka"

Neno hili lina chanzo. Mtu anakaa na donge mwaka mzima, analetwa likiwa limepasuka na linanuka, anapasuliwa, na baada ya miezi mitatu anafariki. Watu wanahesabu kuanzia kisu. Mwaka ule hauhesabiwi.

Sindano ya titi ni kazi ya nusu saa. Lidokaini, dawa ya ganzi, chini ya ngozi, tundu la milimita chache, kisha sindano nene, namba 14, inayotoa vipande vinne au vitano vyembamba kama tambi. Pamba inabanwa kwa dakika 10, mgonjwa anaondoka kwa miguu. Ziko sehemu chache ambako waganga wa hospitali wenyewe hukataa kuchoma: jicho la mtoto lenye doa jeupe, na korodani, ambayo hutolewa nzima kupitia kinena. Kwingineko, mara nyingi, bila kipande hakuna jina la kansa, na bila jina hakuna dawa sahihi.

Makosa makubwa huanza baada ya sindano, kwenye chupa. Kipande kinatakiwa kuingia mara moja katika formalini ya 10%, yaani sehemu 1 ya formalini ya duka na sehemu 9 za maji, ikiwa na chumvi za kuzuia ukali wa asidi. Maji hayo yawe mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kikiwekwa katika serumu (maji ya dripu) kinaoza. Formalini ikiwa kidogo, katikati hubaki kubichi, maana hupenya karibu milimita 1 kwa saa. Ndiyo sababu titi zima lililokatwa lazima lipasuliwe vipande kabla ya kuzamishwa. Chupa ya mdomo mwembamba ni mtego: kipande kinaingia laini, kinakuwa kigumu, na hakitoki tena ila kwa kukatwa ovyo. Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa. Kwenye meza ya laboratwari vifuniko 10 hufunguliwa pamoja, na jina lililo kwenye kifuniko linaweza kurudi juu ya chupa ya mtu mwingine. Vipande vya titi visikae chini ya saa 6 wala kupita saa 72, la sivyo kipimo cha homoni kinaharibika.

Basi mlezi wa mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: kipande kimetiwa katika nini, jina limeandikwa wapi, kinaondoka siku gani. Na la nne kwa anayepasuliwa donge "dogo tu": mtalipeleka anapati (laboratwari inayosoma vipande), au litaishia kwenye ndoo? Donge lililotupwa haliwezi kusomwa tena.

"Kimio ndiyo inaua"

Kimio, yaani dawa za kuua kansa zinazotiwa kwa dripu, ina hatari, na afadhali isemwe wazi kuliko kufichwa. Kwa titi, mpango unaotumika sana ni doksorubisini miligramu 60 na siklofosfamidi miligramu 600 kwa kila mita ya mraba ya ngozi, kila baada ya siku 21, mara nne, kabla ya dawa nyingine kufuata. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito na kimo: dozi ya kukisia ni dozi mbaya. Damu hupimwa kabla ya kila mzunguko.

Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo hutoka mwekundu siku moja au mbili. Si damu. Familia nyingi hukimbia hapo. Nywele huanguka wiki ya pili au ya tatu na hurudi dawa zikiisha. Kichefuchefu huzuiwa kwa ondansetroni inayotolewa kabla ya dripu. Ikija baada ya kutapika imechelewa. Sindano ikianza kuchoma mkononi wakati dripu inatiririka, mgonjwa apige kelele palepale, maana dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Kuvumilia kimya hapo si adabu.

Kinachoua hasa ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu zinashuka, na mdudu mdogo anageuka simba. Joto la 38 au zaidi ni safari ya hospitali saa ileile, hata usiku, kwa antibiotiki ya mshipani. Parasetamoli ya kungoja asubuhi inashusha namba kwenye kipimajoto na kuficha maambukizi yanayoendelea. Kila nyumba yenye mtu wa kimio iwe na kipimajoto na nauli ya usiku iliyowekwa kando.

"Miti yetu inatosha"

Hakuna anayehitaji kuwafundisha watu wa Bukavu kwamba mti hutoa dawa. Kinkina imelimwa katika milima hii na kwinini ikatengenezwa hapahapa mjini. Vinkristini, dawa ya kimio, nayo hutoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi linalopandwa mbele ya nyumba nyingi. Ila kilo nyingi mno za majani makavu hutoa gramu 1 tu, na mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Kuchemsha majani hayo ni kunywa kipimo usichokijua cha sumu kali. Dawa ya kupaka juu ya titi ina tatizo lingine: inafungua ngozi, kidonda kinaoza, na upasuaji uliowezekana mwezi wa kwanza hauwezekani tena mwezi wa sita.

Mwenye kutumia majani na asiyetaka kuacha amwambie munganga anakunywa nini. Chumba cha maombi hakina ugomvi na hospitali, mradi kisivunje tarehe ya dripu.

"Asile sukari wala nyama, vinalisha kansa"

Vinamlisha mgonjwa. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani), maharagwe, mayai, uji wenye karanga safi, kidogo kidogo mara sita kwa siku.

"Mtoto hapati kansa, ni jino"

Taya la mtoto wa miaka 5 linavimba, meno yanalegea, yanang'olewa mawili, uvimbe unaendelea. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu, kansa yenye jina lake, Uganda mwaka 1958, na unafuata maeneo ya joto na malaria. Mjini Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, si mahali pake hasa; mtoto anayeshuka kwenye lori kutoka bonde la Ruzizi, Fizi au Shabunda ndiye wa kutiliwa shaka. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku mbili tatu, kwa hiyo wiki moja ni nyingi.

Hapa tumaini lenyewe ndilo linalodanganya. Siklofosfamidi inayeyusha uvimbe kwa siku chache tu. Jumatatu mtoto hafungi mdomo, Jumatatu ijayo anakula fufu. Mama anafunga virago, kwa kuwa nyumbani kuna wengine wanne. Lakini seli zilizobaki hazionekani, na zikirudi mara nyingi zinarudi kichwani na kwenye uti wa mgongo, ambako dripu ya kawaida haifiki vizuri. Ndiyo sababu mizunguko hufuatana, na dawa nyingine huwekwa mgongoni kwa sindano. Pesa za kulala na kula karibu na hospitali huokoa watoto sawa na dawa.

"Kansa ya kizazi ni ya malaya"

Husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho karibu kila anayejamiiana hukutana nacho, hata mke wa mume mmoja. Aina ya 16 na ya 18 peke yake huleta karibu kesi 70 kati ya 100. Toka kirusi hadi kansa hupita miaka 15 au 20, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetibiwa. Muda huo wote kidonda cha awali huonekana kwa siki: asidi ya 3% hadi 5% hupakwa kwenye mlango wa kizazi, mkunga anangoja dakika 1, sehemu mbaya inageuka nyeupe. Huunguzwa siku hiyohiyo kwa kifaa cha joto, bila kulazwa. Uanze kupimwa ukiwa na miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU.

Ikishakuwa kansa iliyotoka nje ya mlango wa kizazi, tiba ni mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya kimio, ya kila wiki. Wa Bukavu huvuka mto Ruzizi kuelekea Kigali, Rwanda, ambako mionzi ilianza katika hospitali ya Kanombe mwaka 2019. Wa Lubumbashi walizoea kupita mpaka wa Kasumbalesa hadi Lusaka, Zambia, iliyofungua hospitali yake ya kansa mwaka 2007. Mionzi ya nje ni vikao kama 25, Jumatatu hadi Ijumaa, halafu ya ndani. Yote yaishe ndani ya wiki 8, maana siku zinazorukwa zinairudishia kansa nguvu. Anayetoka kwenye mashine ya nje habebi mionzi, anaweza kumpakata mjukuu wake. Wanaorudishwa mlangoni ni wale waliokuja na rufaa tupu: beba jibu la anapati na vipande vyenyewe katika nta, kipimo cha kreatinini (cha figo), hemoglobini (wingi wa damu), na kodi ya miezi miwili.

"Morfini ni ya kumalizia"

Ni ya maumivu. Kwa mdomo huanza miligramu 5 kila saa 4, kwa saa ya ukutani. Ukingoja mpaka alie, dozi haitatosha. Dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe. Usingizi wa siku mbili tatu za kwanza hupita. Choo kigumu hakipiti, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Mtu anaweza kutumia morfini wakati wa kimio, akaiacha baadaye kwa kupunguza polepole.

"Amepona, hospitali ya nini tena?"

Titi ambalo jibu lake lilionyesha vipokezi vya homoni (yaani kansa inayolishwa na homoni) linadai tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5. Ni dawa ya bei ndogo na inayoachwa sana, kwa kuwa anayeimeza hajisikii mgonjwa. Asishike mimba akiitumia. Mguu mmoja ukivimba, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, aseme upesi. Miaka 3 ya kwanza arudi kupimwa kila miezi 3 hadi 6, miaka 2 inayofuata kila miezi 6 hadi 12, halafu mara moja kwa mwaka. Tarehe hizo ziandikwe kwenye karatasi ile ya anapati, na nakala yake ikae kwa ndugu mwingine, kwani nyumba za hapa huhamwa usiku.