Mkwaruzo wa vinia haupigwi msasa, hujazwa

Meza nyingi za kulia, makabati ya nguo na dresa zinazouzwa Mombasa kama za mahogani si mahogani mpaka ndani. Ndani mna MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), chipubodi au plaiwudi, na juu yake imebandikwa vinia: utando wa mbao halisi wenye unene wa nusu milimita hivi. Mtu akiona alama huchukua msasa namba 120 akasugua mpaka ipotee, kama afanyavyo kwenye mlango wa mvule. Mlango una mbao nene ya kuchezea. Vinia ikishatoboka, linabaki doa la kahawia lisilo na uzi wowote, yaani mistari ya asili ya mbao, na hakuna vanishi itakayolificha. Kwa hiyo mkwaruzo wa vinia hujazwa na kutiwa rangi. Msasa unakuja mwisho, tena kwa kusawazisha kile ulichojazia tu.

Hakikisha kwanza kwamba ni vinia kweli. Karatasi iliyochapishwa sura ya mbao hurudia mchoro uleule kila baada ya kipande, na mkwaruzo wake hufichua ungaunga wa chipubodi mara moja. Hiyo haina matibabu marefu: nta ngumu ya rangi inayofanana, futa ziada, umemaliza. Vinia huonyesha vitundu vya mbao ukiiangalia kwa mwanga wa pembeni, na hakuna vipande viwili vinavyofanana kabisa.

Sasa safisha. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kikakamuliwa hadi kisidondoshe, kinatosha. Maji yakizama kwenye mkwaruzo mrefu, MDF iliyo chini huvimba na haishuki tena. Kausha, kisha pitisha tapentaini kwa kipande cha leso kuukuu. Iwe imefuliwa mara nyingi, kwa sababu leso mpya ina wanga na hainyonyi. Tapentaini ndiyo inayoondoa nta na mabaki ya polishi za kupuliza. Polishi zenye silikoni ni adui mkubwa wa kazi hii: vanishi ikipakwa juu yake hukataa kushika na kujivuta ikiacha vishimo vya duara.

Hapa niseme wazi kuhusu mafuta ya nazi na korosho. Ukisugua korosho juu ya mkwaruzo, au ukapaka mafuta ya nazi, mstari mweupe unafifia papo hapo, ndiyo maana ushauri huu hauishi. Lakini mafuta ya nazi hayakauki. Yanabaki yananata, yanakusanya vumbi, na siku ukitaka kutengeneza sawasawa lazima uyatoe yote kwanza. Ukiwa na wageni jioni, sawa. Kwa matengenezo, hapana.

Kabla tapentaini haijakauka, inama uutazame mkwaruzo. Ukipotea kabisa ukiwa umelowa, umekata vanishi tu, rangi ya mbao haijaguswa. Ukibaki mweupe au wa rangi hafifu, rangi imetoka na lazima irudishwe. Ukihisi ukucha unakwama na chini unaona uso laini usio na nyuzi, umefika kwenye ubao wa ndani. Kila kitu kinachofuata kinategemea jibu hili, kwa hiyo rudia kulowesha mpaka uwe na hakika.

Jambo la pili ni kujua juu mmepakwa nini. Chagua mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu kwa mfano, uguse kwa pamba yenye spiriti. Pakinata, ni shelaki, vanishi ya utomvu unaoyeyuka kwa spiriti. Pasiponata, jaribu thina. Pakilainika, ni laka, vanishi inayoyeyuka kwa thina. Kama vyote viwili havifanyi kitu, ni poliyuretheni (vanishi ya aina ya plastiki) au vanishi ya kuchanganya na kigumishi. Fungua madirisha na uzime jiko la gesi kabla ya kufungua chupa hizo.

Mkwaruzo wa juu kwenye shelaki ndio rahisi kuliko yote. Chovya brashi nyembamba kwenye spiriti, ikamue, upitishe mara moja tu kufuata mstari. Shelaki inayeyuka na kufunga yenyewe. Usirudie kabla haijakauka, maana pigo la pili juu ya shelaki laini huikokota na kuacha mfereji. Laka hufanya vivyo hivyo kwa thina, ila kwa hadhari zaidi. Poliyuretheni haiyeyuki, basi tumia nta ya samani, au jaza kama ninavyoeleza sasa.

Kujaza

Kama rangi imetoka, irudishe kwanza. Yeyusha gramu 60 za shelaki ya magamba, ile isiyo na nta, katika nusu lita ya spiriti. Iache usiku mzima, ukitikisa mara kwa mara, kisha ichuje kwa kitambaa. Mimina kijiko kimoja kwenye kisahani, utie punje kidogo za rangi ya unga. Oksaidi za sakafu ya saruji, nyekundu, manjano na nyeusi, zinafaa sana zikichekechwa kwa kitambaa kizito. Anza na rangi iliyo hafifu kuliko unavyodhani. Rangi hafifu utaiongeza; iliyozidi italazimu kufutwa, na kufuta kunapanua jeraha. Tumia brashi namba 0, upake ndani ya mkwaruzo pekee, na ulinganishe kwa mwanga wa dirishani. Taa ya usiku inadanganya.

Baada ya hapo, jaza kwa laka safi au shelaki nzito kidogo. Chukua tone kwenye ncha ya kijiti cha meno, uliguse mwanzoni mwa mkwaruzo uliache litiririke. Likikauka litazama, kwa sababu sehemu kubwa ya laka ni thina inayoruka. Rudia kila baada ya saa moja hivi, mara 4 hadi 6, mpaka mstari uinuke kidogo kuliko uso. Kisha uache siku 2. Wengi huharibu hapa: husawazisha jioni ileile, laka inaendelea kujivuta, na wiki inayofuata mkwaruzo umerudi kama bonde.

Kusawazisha kunataka wembe mpya. Zungushia tepu ya karatasi kwenye ncha zote mbili za wembe, uache sentimita moja wazi katikati. Ushike wima, uukunje kidogo kwa vidole gumba, uvute kuelekea kwako. Tepu inateleza juu ya vanishi nzima, na makali ya katikati yanakwangua ule mwinuko peke yake; utaona vumbi jeupe kama poda. Vumbi likiisha, maliza kwa msasa namba 600 uliofungwa kwenye kipande cha kizibo na kulowekwa tapentaini. Usitumie maji.

Mkwaruzo uliofika kwenye ubao wa ndani hujazwa kwa nta ngumu iliyoyeyushwa au gundi ya epoksi iliyotiwa rangi. Nta laini sikushauri pwani: meza ikikaa karibu na dirisha la jua inalainika na kubanduka. Chagua rangi inayolingana na sehemu iliyo hafifu zaidi ya mbao jirani, sawazisha, kisha chora mistari ya uzi iliyokoza kwa brashi. Kinyume chake hakiwezekani. Kama kingo za vinia zimeinuka, zitie kwanza gundi nyeupe ya mbao kwa sindano, funika kwa karatasi ya nailoni, ukandamize usiku kucha chini ya ubao na uzito. Gundi iliyovuja ifute saa hiyohiyo, kwani ikikauka haipokei rangi.

Hali ya hewa

Wakati wa masika, hasa Mei, hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mno. Thina inaporuka huupoza uso, unyevu unatonea juu yake, na laka inageuka maziwa. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, mbali na feni. Ikishaganda nyeupe, subiri siku kavu upulize thina kidogo sana juu yake. Mara nyingi ukungu huondoka.

Nyuzi za chuma namba 0000 zinasifiwa kwa kulinganisha mng'ao, lakini vipande vyake vinavyobaki kwenye vitundu vya mahogani au mwaloni hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi na kuacha madoa meusi. Natumia pedi ya nailoni ya kijivu yenye nta, nikifuata uzi wa mbao. Meza isirudishiwe vyombo kwa wiki moja, na kitambaa cha plastiki kisitandikwe juu yake kwa mwezi mzima, kwani hushikana na laka changa.