Kindege kilichogusa lami kikapaa tena

Ujumbe ule ule haukomi kwenye makundi ya mtandaoni ya Mombasa: kindege kimegusa njia ya kurukia ndege, kikapaa tena, eti mwanafunzi wa urubani kaponea chupuchupu. Sivyo. Kugusa na kupaa ni zoezi, hurudiwa mara kadhaa katika somo moja. Na upepo wa kusi ukimsukuma pembeni, rubani kuongeza nguvu ya injini na kupaa upya ndio uamuzi salama.

Aliye chini huona gurudumu likidunda, bawa likiinama, naye moyo humruka. Kosa si lake. Ajali za wanafunzi wakitua zipo, mara nyingi kudunda vibaya au kuacha njia.

Tazama kama dakika 10. Kikizunguka na kurudi palepale, hilo ni darasa. Video isiyo na tarehe wala mahali, tafadhali usiisambaze.