Je, wajua? Shokoa ilifutwa 1812, mbona umaskini wake ungalipo?

Mwaka 1573 Francisco de Toledo, mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, alizitwisha jamii zaidi ya 200 za wenyeji wa Andes shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa: kila jamii itoe moja ya saba ya wanaume wake wazima. Wengine walipelekwa Potosí kuchimba fedha, wengine Huancavelica kuchimba zebaki ya kuisafishia fedha hiyo. Huko Potosí mchukuzi alibeba mgongoni takriban kilo 23 za mawe, akipanda ngazi za ngozi ya ng'ombe kwa mwanga wa mshumaa uliofungwa kwenye kidole gumba. Shokoa hii iliitwa mita, kutokana na neno la Kikechua lenye maana ya zamu.

Ilifutwa 1812. Lakini mwaka 2010 mchumi Melissa Dell alichapisha ulinganisho wa wilaya zilizopakana kusini mwa Peru, zilizokuwa ndani na nje ya eneo la mita. Zilizokuwa ndani, matumizi ya kaya yalikuwa pungufu kwa takriban robo, na udumavu wa watoto ulizidi kwa takriban pointi 6 za asilimia.

Wengi hudhani chanzo ni vifo vya migodini. Vifo vilikuwa vingi kweli, na watu walihama makwao kukwepa zamu. Ila vifo peke yake havielezi pengo la karne mbili. Dhana nyingine ni kwamba palipokuwa na mashamba makubwa ya mabwenyenye, yaani hasienda, ndipo penye ufukara zaidi leo. Hapa mambo ni kinyume.

Serikali ya kikoloni ilizizuia hasienda ndani ya eneo la mita ili zisigombanie vibarua na migodi. Chukua vijiji viwili vyenye udongo uleule na mvua ileile. Cha kwanza kina bwana mwenye hati ya ardhi na jamaa serikalini. Akitaka kuuza mazao yake, atapigania barabara mpaka ifike. Cha pili kinalima ardhi ya jamii. Baada ya uhuru umiliki huo wa pamoja ulifutwa bila wakulima kupewa hati za kuaminika, kwa hiyo kesi na unyang'anyi wa mashamba vikaandamana. Barabara ikapita kwa jirani. Mkulima asiyefika sokoni hulima cha kula tu.

Hili haliwatakasi mabwenyenye, maana nao waliwanyonya wakulima wao. Ulinganisho ni kati ya bwana mwenye hati na mkulima asiye na ulinzi wowote, tena kwenye kipande cha mpaka ambako mwinuko na watu wanafanana. Haufai kubebwa mzimamzima hadi Bolivia, iliko Potosí yenyewe.

Hasienda zenyewe zilivunjwa na mageuzi ya ardhi ya 1969. Barabara zilikuwa zimeshapita.