Huyo mwenye mkia uani kwako si salamanda

Kila masika napokea picha kutoka Tegeta, Mbagala, Kigamboni: kimnyama chembamba kinachong'aa, mkia mrefu, vimiguu vidogo, kimekutwa chini ya chungu cha maua au kwenye majani makavu nyuma ya nyumba. Programu ya simu imesema ni salamanda, yaani amfibia mwenye mkia, wa kundi moja na vyura, na mwenye nyumba anataka nithibitishe.

Siwezi kuthibitisha, kwa sababu Tanzania hatuna salamanda. Duniani zinajulikana spishi zaidi ya 800, lakini barani Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili.

Mara nyingi aliyepigwa picha ni mjusi wa jenasi Mochlus, na huyu kweli anachanganya. Shingo haionekani, kichwa kimeungana moja kwa moja na mwili, na miguu ni mifupi mno. Akikurupushwa hujipinda na kuzama mchangani, ndiyo maana wengi humwita mtoto wa nyoka na kumuua kwa fagio. Inaniuma sana, maana hana sumu yoyote. Kazi yake ni kula mchwa na wadudu wengine.

Ule mng'ao usikudanganye, si unyevu. Ukivuta picha karibu utaona magamba madogo laini yaliyolaliana kama vigae vya paa. Nyuma ya jicho kuna tundu la sikio. Mguu wa mbele una vidole vitano, kila kimoja na ukucha wake. Salamanda hana magamba, hana tundu la sikio, hana kucha za kweli, na mguu wake wa mbele kwa kawaida una vidole vinne. Ngozi yake sharti iwe na unyevu muda wote. Wengine hawana mapafu kabisa na hupumua kwa ngozi na utando wa kinywa. Mchanga wetu wa Januari, saa saba mchana, ungemkausha mara moja.

Wa ukutani usiku, karibu na taa, ni mjusi kafiri. Yule mdogo wa mchana kwenye mwembe au mnazi, kichwa cha manjano na mwili wa kijivu, ni mjusi wa jenasi Lygodactylus.

Kuna kosa moja ambalo hata mtaalamu lazima aangalie mara mbili. Mvua ikituama kwenye dimbwi au beseni lililosahaulika, vyura hutaga humo, na viluwiluwi vikikaribia kukomaa vinapita siku chache vikiwa na miguu minne na mkia mrefu bado. Hapo una amfibia halisi: ngozi yenye unyevu, hakuna magamba wala kucha. Tazama miguu ya nyuma. Ya chura ni mirefu, imekunjwa tayari kuruka. Ya salamanda inakaribiana urefu na ya mbele. Hata makuzi yao yanapishana: kiluwiluwi cha chura huonyesha miguu ya nyuma kwanza, ilhali mtoto wa salamanda hutanguliza ya mbele, na matamvua yake yananing'inia nje, nyuma ya kichwa.

Amfibia wetu, ukiacha vyura, ni wale wasio na miguu kabisa, wanaofanana na minyoo mikubwa na kuishi udongoni, kama wa milima ya Uluguru na Usambara. Nao wakifukuliwa shambani hudhaniwa nyoka.

Ukitaka nikusaidie kutambua, piga picha ya kichwa kwa ubavuni, sikio lionekane, na nyingine ya mguu wa mbele. Weka sarafu pembeni tujue ukubwa. Usimshike mkia, mjusi huuacha mkononi mwako, na unaoota baadaye huwa na rangi na umbo tofauti, ukazidi kunichanganya. Kama yuko majini, rudi umpige tena keshokutwa. Wa chura, mkia utakuwa umeanza kufupika.