Aliyetoka nje ya ndoa si lazima amlipe wakili wako

"Wakili, wewe pambana tu. Gharama zote atalipa yeye, si ndiye aliyetoka nje ya ndoa?" Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii naijibu kwa maandishi, kwa sababu inawamaliza watu kifedha.

Kosa la ndoa ni jambo moja, gharama za kesi ni jambo jingine. England na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, talaka haihitaji kuthibitisha kosa la yeyote, na kwenye shauri la mgawanyo wa mali kanuni ya kuanzia ni kila mmoja abebe gharama zake. Ujerumani, talaka ikitolewa, ada za mahakama kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu, na kila mmoja anamlipa wakili wake. Hata pale ambapo sheria ya madai inasema aliyeshindwa hulipa, majaji wa kesi za familia mara nyingi husita kuitumia. Wewe umepata nyumba, mwenzio kapata malezi ya watoto: mshindi nani hapo?

Ada ya kufungua shauri na kupeleka wito hutangulizwa na aliyefungua. Hizo tuziache, kinachouma ni ada ya wakili.

Tuseme umefanikiwa, jaji ameamuru mdaiwa alipe gharama. Watu hushangilia wakidhani bili yangu yote imehamia kwake. Haijahamia. Bili inakwenda kukaguliwa mahakamani, mstari kwa mstari. "Kusoma meseji za mteja, saa mbili": inakatwa. "Simu na dada wa mteja": inakatwa. "Kuhudhuria mahakamani, shauri likaahirishwa": inapunguzwa. Kinachosalimika ndicho atakacholipa mwenzio. Kilichokatwa unaweza kudaiwa wewe, maana mkataba wa ada ulisaini wewe, yeye hakusaini chochote na mimi. Na akiwa hana fedha mkononi, utaanza safari nyingine ya kukazia amri, yaani kumlazimisha ailipe, nayo ina gharama zake.

Isitoshe, fedha hizo zinatoka wapi? Mara nyingi ni kwenye mali ileile mnayogombania. Mali ikiwa na thamani ya 100, na mawakili wa pande zote mbili wamekula 30, mtagawana 70. Hakuna ufundi wa kisheria unaorudisha ile 30.

Kinachoweza kugeuza mambo ni mwenendo ndani ya kesi: kuficha taarifa za benki, kukaidi amri ya kutoa nyaraka, kukataa pendekezo la suluhu lenye mantiki bila hata kulijibu. California wana kifungu cha 271 cha Sheria ya Familia kinachomruhusu jaji kumbebesha ada za mwenzake yule anayekwamisha maelewano. Kwa hiyo picha za usaliti ulizonazo kwenye simu, kwa suala la gharama, hazifui dafu mbele ya barua tatu za suluhu ambazo mwenzio alizipuuza. Tunza barua hizo, na zile anazokuletea yeye zijibu.

Hata hivyo siwezi kumwahidi mteja matokeo. Amri ya gharama iko mikononi mwa jaji. Mafaili mawili yanayofanana yanaweza kuzaa amri mbili zinazopishana kabisa. Na kanuni ya kila mtu abebe zake bado inanisumbua, kwa sababu mwenye akaunti nono anaweza kuburuza kesi hadi mwenzake asalimu amri kwa uchovu tu. Dawa ipo katika baadhi ya nchi: mahakama inaweza kumwamuru mwenye uwezo achangie ada ya wakili wa asiye nacho kesi ikiwa bado inaendelea. Lakini maombi hayo yapelekwe mapema. Wengi hunijia wakiwa wameshauza gari na kukopa kwa ndugu, na kurudisha fedha zilizokwisha kutumika ni kazi ngumu zaidi kuliko kuombea ada inayokuja.