Kantini ya batoto: fishi gani tutupe, gani tubakishe

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuchunga hesabu ya makantini ya batoto kidogo, magardieni na makreshi, na malalamiko yenye nasikia sana njo hii: mama mulezi anamaliza kugawa uji, batoto banalala, yeye anabakia na biki anakopia majina yaleyale kwa fishi ya pili, na mwisho wa mwezi rapo inamuomba tena majina hayohayo.

Watu banazani dawa ni kompyuta. Hapana, ukitia fishi tano ndani ya kompyuta uko na fishi tano ndani ya kompyuta, na kurani ikikatika hauna hata moja. Uliza kwanza: fishi gani inaomba kitu chenye tunajua tayari?

Angalieni Marekani. Kule kuko programu ya CACFP, wizara ya kilimo inarudishia makreshi franga ya chakula ya batoto. Kiasi inafuata mapato ya familia, kwa hiyo wazazi banajaza fishi. Lakini mtoto wa Head Start, ile programu ya serikali ya masomo ya batoto kidogo ba familia maskini, hawamuombi ile fishi, juu anakubaliwa moja kwa moja, na familia yenye iko na SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, inaandika paka namba ya dosye. Kisha sheria ya 2010 ikaleta mapatano ya kudumu kati ya kreshi na serikali, kreshi hairudilie dosye nzima kila mwaka, inahakikisha tu kama habari zake zingali sawa.

Chenye msikate ni hesabu ya sahani, na iandikwe palepale sahani inafika mbele ya mtoto. Yenye kujazwa vendredi kwa kukumbuka inajulikana haraka: 50, 50, 50, 50, 50, biki moja, mwandiko hauchoki, utasema mwezi wa mvua hakuna mtoto mwenye alipata homa.

Ukiwa na hesabu ya kweli, rapo ya kila siku ya matumizi haina kazi tena. Rasioni ikiwa gramu 120 ya unga, batoto 50 banakula kilo 6. Mwenye kukontroli azidishe mwenyewe, alinganishe na fishi ya stoku. Ao aje bila kuonya, saa ya kula, vile CACFP inaomba mashirika yenye kusimamia makreshi yafanye.

Mubakishe liste ya batoto, kaye ya sahani, fishi ya stoku, mafaktire. Zingine tandikeni kwa meza, mupite na biki nyekundu kwa kila jibu lenye limeisha kuandikwa pengine. Yenye itakuwa nyekundu yote, mupelekee mwenye kutoa franga mumuulize nani anaisomaka.