Mpango kazi usinakiliwe kutoka kwenye bajeti

Tunapofundisha usimamizi wa miradi kwa watumishi wa halmashauri, swali la kwanza huwa: tutumie programu gani? Excel inatosha. Hata karatasi ya A3 iliyobandikwa ukutani inatosha. Tatizo huanza mapema zaidi, pale mwandaaji anapofungua bajeti, akanakili vifungu vyake kimoja kimoja, akaweka tarehe pembeni na kuuita mpango kazi.

Chukua ujenzi wa madarasa mawili kwa utaratibu wa force account, yaani shule au halmashauri inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi. Bajeti ina simenti, nondo, mabati na ufundi. Haina kusubiri. Zege la lenta, ile boriti inayopita juu ya milango na madirisha, linatakiwa kumwagiliwa maji kwa angalau siku 7, na nguvu yake kamili kwa kawaida hupimwa likifikisha siku 28. Kwa kuwa hapo hakuna malipo ya maana, mstari wake haupo, na utakuta kenchi za paa zimepangwa kupandishwa keshokutwa. Kikao cha kamati ya manunuzi, saini za hati ya malipo, mhandisi kukagua nondo kabla ya zege kumwagwa: vyote vinakula siku bila kula fedha, na vyote vinasahaulika.

Bango kitita zuri, yaani jedwali la mpango kazi, lina safu tano tu: kazi, kazi inayoitangulia, mwenye jukumu, siku, na ushahidi kwamba imekamilika. Chati ya Gantt, inayoonyesha kila kazi kama mstari kwenye kalenda na iliyopewa jina la mhandisi Mmarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, itakuchorea tarehe vizuri. Lakini safu ya pili ndiyo itakayokuonyesha mlolongo ule ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima nao unachelewa siku moja. Hesabu ya kuutafuta mlolongo huo ilianza kutumika viwandani Marekani mwaka 1957, na kwa mradi mdogo unaifanya kwa penseli.

Kwenye mwenye jukumu, andika cheo kimoja. Muhtasari wa kikao unaosema "Mtekelezaji: Wote" utarudi kwenye yatokanayo mwezi ujao ukiwa vilevile.

Rejesta ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukwamisha mradi, nayo hujazwa neno moja: "Mvua". Hilo halimsaidii mtu. Andika hivi: "Masika yakianza Machi, lori la mchanga halitapita njia ya shuleni. Mchanga wote uwe umefika ifikapo 20 Februari. Mfuatiliaji: katibu wa kamati ya manunuzi." Sasa kuna tarehe, na kuna wa kuulizwa.

Kila Ijumaa, ongeza tarehe halisi kando ya ile iliyopangwa. Ya awali isifutwe; kama imesogezwa, andika sababu kwa maneno machache. Mkaguzi akiuliza kwa nini kazi imevuka 30 Juni, mwaka wa fedha ukiwa umefungwa, mtamwonyesha ni wiki ipi ilipotea na ilipotelea wapi.